Dawa ya ordonansi na kikopo cha mkojo: jinsi ya kulinda nafasi yako ya kazi Lubumbashi

Kikopo cha plastiki unachopewa siku ya vizite medikali hakijui kusoma ordonansi. Kodeini uliyoandikiwa na munganga na kodeini iliyonunuliwa kando ya barabara zinaacha alama ileile. Anayeweza kuzitofautisha ni daktari, na daktari naye hawezi bila karatasi. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa kweli na dawa halali anaweza kupoteza kazi ya mine, ya kuendesha kamyo au ya ulinzi: hakukosea kitu, ila karatasi yake ilifika baada ya jibu.

Hapa tunaeleza namna ya kuifanya karatasi itangulie, na la kufanya ikiwa jibu limeshatoka baya. Ni kwa anayeomba kazi Lubumbashi, Likasi, Kolwezi au kwenye barabara ya Kasumbalesa, awe anaajiriwa na kampuni kubwa yenyewe au na sutretani anayeipelekea watu.

Kikopo kinafanyaje kazi

Vikopo vingi vina vijistripu 5, 10 au 12, kila kimoja kwa kundi moja la vitu. Utaona herufi: OPI au MOP kwa opiati, BZO kwa benzodiazepini, BAR kwa babiturati, AMP kwa amfetamini, MET kwa metamfetamini, THC kwa bangi, COC kwa kokaini, TCA kwa dawa za zamani za huzuni kama amitriptilini, TRA kwa tramadoli, MTD kwa metadoni.

Mstari wa juu, C, ni wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Usipotokea, kipimo kimekufa na lazima kirudiwe kwa kikopo kingine. Mstari wa chini, T, ndio unaowachanganya watu, kwa sababu unasomwa kinyume cha kipimo cha mimba. Ukionekana, hata ukiwa hafifu kama uzi, jibu ni negatifu. Usipoonekana kabisa, jibu ni pozitifu. Mwuguzi aliyechoka anaweza kuandika mstari hafifu kuwa pozitifu, kwa hiyo uangalie wewe mwenyewe kabla kikopo hakijatupwa. Muda nao una maana. Vingi vinasomwa kwenye dakika ya 5, na baada ya dakika 10 haviaminiki tena. Kikopo kilichoachwa mezani nusu saa hakina jibu la kumpa mtu.

Kila kijistripu kina kiwango chake cha kukatia, kinachohesabiwa kwa nanogramu katika mililita moja ya mkojo. Kwa opiati, vikopo vingi vya bei ndogo vinakatia 300, wakati sheria za serikali ya Marekani kwa kodeini na morfini zinakatia 2000. Tofauti hiyo ni kubwa sana: mtu aliyemeza vidonge viwili vya paracetamol yenye kodeini jana jioni anaweza kuwa pozitifu kwenye kikopo cha 300 na negatifu kwenye cha 2000. Kwa hiyo neno «pozitifu» peke yake halina uzito mpaka ujue limekatiwa wapi.

Jambo la mwisho kuhusu kikopo: kinatambua umbo la kemikali, si kemikali yenyewe. Kitu chenye umbo la karibu kinaweza kukidanganya. Kipimo kinachotaja kitu kwa jina lake ni kromatografia pamoja na spektrometria ya masi, na hicho kinafanyika maabara. Kikopo ni chujio la kwanza tu, na hata watengenezaji wake wanaandika kwenye karatasi ya ndani kwamba jibu pozitifu ni la muda hadi lihakikiwe.

Dawa zinazoleta shida

Tuzigawe mara mbili, kwa sababu utetezi wake haufanani.

Kundi la kwanza ni dawa zinazotoa pozitifu ya kweli. Ulichomeza ndicho kilichoonekana. Kodeini ni ya kwanza katika hizo: imo kwenye Efferalgan Codéiné, kwenye Néo-Codion ya kikohozi, na kwenye dawa za maumivu zinazotoka Afrika Kusini kama Myprodol na Adco-Dol. Mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa morfini, kwa hiyo usishangae maabara ikitaja morfini ambayo hukumeza. Dawa zinazovuka mpaka wa Kasumbalesa mara nyingi zina maandishi ya Kiingereza peke yake. Tafuta neno «codeine» kwenye orodha ya vilivyomo, si kwenye jina kubwa la mbele.

Fenobabitali, ambayo watu wengi wenye kifafa kwetu wanaitumia kila siku, itawasha BAR, na inaweza kuonekana wiki mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho. Diazepamu itawasha BZO: ukiitumia siku chache inaondoka ndani ya siku kama 10, ukiitumia miezi inaweza kukaa hadi mwezi mzima. Klonazepamu, yaani Rivotril, ina tabia ngumu: ni benzodiazepini kweli, lakini vikopo vingine vinaipita bila kuiona. Ukiitangaza halafu kikopo kikatoka negatifu, usihesabiwe mwongo. Mwambie daktari kwamba hilo linajulikana. Tramadoli kwa kawaida haiwashi OPI, ila kikopo chenye TRA kitaikamata, siku 2 hadi 4. Kodeini huondoka kwa siku 1 hadi 3. Amitriptilini itawasha TCA.

Kundi la pili ni dawa zinazokidanganya kikopo. Rifampisini, ile ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, imewahi kutoa opiati ya uongo. Antibiotiki za kundi la levofloksasini na ofloksasini vilevile. Prometazini na klopromazini zinaweza kuonekana kama amfetamini, na pseudoefedrini ya mafua pia. Difenhidramini inaweza kuwasha metadoni. Dekstrometofani ya kikohozi inaweza kuwasha PCP, yaani fensiklidini, kwenye vikopo vyenye kijistripu hicho. Kabamazepini inaweza kuwasha TCA. Efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI, imewahi kutoa bangi ya uongo na benzodiazepini ya uongo. Kwa dawa hizi zote kromatografia inamaliza mjadala, kwa sababu maabara itatafuta opiati au bangi na haitaikuta.

Paracetamol peke yake haina shida, wala dawa za malaria za artemetha na lumefantrini. Usijaze karatasi ya daktari na kila kidonge ulichowahi kumeza. Andika vya siku 30 zilizopita.

Kuhusu dawa za asili na vidonge vya kwenye bahasha ya karatasi bila jina: hapo hakuna utetezi. Hujui umemeza nini na hakuna anayeweza kukutetea. Hata kidonge chenye jina kinaweza kudanganya. Kuanzia mwisho wa 2014 hadi 2015, huko Ituri, mamia ya watu waliletwa hospitali shingo na uso vimekazwa. Mwanzoni ilidhaniwa ni meningite, kisha ikagundulika kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli ndani, dawa ya magonjwa ya akili. Ndiyo sababu tunasisitiza pakiti: nunua farmasi, omba risiti, piga picha boksi likionyesha jina, namba ya loti na tarehe ya kuisha. Ukiuziwa plaketi moja moja, anza kutoa vidonge upande usio na maandishi, ili kipande chenye jina na loti kibaki mpaka mwisho.

Karatasi za kuandaa wiki moja kabla

Ordonansi nzuri ina jina lako kama lilivyo kwenye karata yako ya utambulisho, tarehe, jina la dawa kwa jina lake la kimataifa na si la biashara tu, kipimo kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, kwa muda gani, sahihi, kashe, na namba ya daktari kwenye Ordre des médecins. Ordonansi nyingi zinazokataliwa zinakosa tarehe au namba hiyo. Jina likiwa tofauti hata kwa herufi moja, au posti-nomu yako ikiwa imeachwa, rudi lisahihishwe. Usisahihishe kwa kalamu yako. Karatasi iliyoguswa ina hasara kuliko kutokuwa nayo.

Ukitumia dawa ya muda mrefu, ordonansi ya miezi minane iliyopita haitoshi. Omba atestasioni mpya ya daktari wako, isiyozidi mwezi mmoja. Iseme mambo manne tu: kwamba anakufuatilia, dawa na kipimo, tangu lini, na kama kwa maoni yake unaweza kufanya kazi inayotajwa. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe. Mwambie daktari wako kazi yenyewe kwa undani: dereva wa bene ya tani mia, zamu za usiku, kupanda juu ya nguzo, kukaa mbele ya mashine ya kusaga mawe. Daktari akijua tu «kazi ya mine» ataandika maneno ya jumla, na maneno ya jumla hayamsaidii daktari wa kampuni kuamua.

Weka nakala katika bahasha iliyofungwa, juu uandike: «Siri ya kitabibu. Kwa daktari wa kazi peke yake.» Ya asili ibaki nyumbani. Piga picha zote na uzitume kwenye simu ya mtu unayemwamini, maana simu huibiwa komini ya Kenya na kwenye soko la Mzee kila siku.

Nani aambiwe, na nani asiambiwe

Biro ya personeli haina haja ya kujua dawa zako. Anayehitaji ni daktari au mwuguzi wa afya ya kazi, ambaye kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga kutunza siri za kazi yake. Kile kinachotakiwa kutoka kwake kwenda biro ni neno moja kati ya matatu: anaweza, hawezi, au anaweza kwa masharti. Mwongozo wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa 1998 kuhusu ufuatiliaji wa afya ya wafanyakazi unasema hivyohivyo: mwajiri apewe hitimisho la uwezo, si ugonjwa.

Ukikuta fomu ya biro ina mstari «dawa unazotumia», andika: «Nitamweleza daktari.» Usiandike «hakuna» kama unazo. Uongo ule ndio unaotumika dhidi yako baadaye, na hata ukishinda kwenye kipimo utashindwa kwenye uaminifu. Mtu wa biro akisisitiza, muulize kwa heshima: «Papa, bahasha yangu nimpe daktari saa ngapi?» Swali hilo linafunga mlango bila ugomvi.

Kuna jambo zito hapa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda dhidi ya ubaguzi, pamoja na wakati wa kutafuta kazi, na kipimo cha VVU hakiwezi kuwa sharti la kuajiriwa. Kwa anayetumia efavirenzi na akatoka pozitifu ya bangi, ushauri wetu ni kwamba asikimbilie kujieleza. Aombe kwanza uhakiki wa kromatografia bila kutaja dawa. Bangi haitaonekana, na siri yake itabaki yake. Njia hiyohiyo inamfaa anayetumia rifampisini asiyetaka kifua kikuu chake kijulikane kijiweni.

Usiache dawa

Hili tunaliandika kwa uchungu, kwa sababu wazo la kwanza la mtu mwenye njaa ya kazi ni kuacha vidonge wiki mbili ili mkojo utoke safi. Kuacha fenobabitali au benzodiazepini ghafla kunaweza kuleta degedege hata kwa mtu aliyekaa miaka bila kuanguka, na degedege likimkuta mtu kwenye ngazi au kwenye usukani anaweza kufa na kuua. Zaidi ya hayo haisaidii: kama tulivyosema, fenobabitali bado itaonekana. Daktari wako peke yake ndiye anayeweza kubadilisha dawa, kwa kuipunguza polepole.

Wala usinywe maji lita nne asubuhi ile. Mkojo ukiwa mwepesi mno, yaani kreatinini chini ya miligramu 20 kwa desilita na uzito wake ukilinganishwa na maji chini ya 1.003, maabara inaandika «umechanganywa maji», na neno hilo lina harufu mbaya kuliko kodeini yenye ordonansi. Glasi moja au mbili zinatosha.

Na kwa alkotesti, ambayo mara nyingi huja siku hiyohiyo: sirupu nyingine na dawa za kusukutua mdomo zina pombe. Subiri dakika 15 bila kuweka kitu mdomoni, kisha upulize. Kama mashine imesoma pombe ya mdomoni, marudio ya baada ya dakika 15 yatashuka. Munkoyo uliolala siku mbili ni pombe, hata ukiitwa juisi ya nyumbani. Usiunywe usiku wa kuamkia vizite.

Siku yenyewe

Fika na karata yako, bahasha, na kalamu. Kabla ya kukojoa, mpe daktari au mwuguzi bahasha na umwombe aandike kwenye fomu kwamba ameipokea, saa na tarehe. Akikataa kuipokea kabla ya kipimo, andika mwenyewe pembeni mwa sahihi yako: «Bahasha ya dawa imetolewa saa 2:40 asubuhi, haikupokelewa.» Mstari huo mfupi umebeba nusu ya utetezi wako.

Kisha angalia mambo haya. Kikopo kifunguliwe mbele yako. Tarehe ya kuisha iwe bado. Joto la mkojo lipimwe ndani ya dakika 4, liwe kati ya nyuzi 32 na 38. Ukitoa mkojo wa kutosha, mililita 45, omba ugawanywe chupa mbili: ya kupimwa, na ya kuhifadhiwa kwa marudio. Kila chupa ifungwe kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye fomu unayotia sahihi. Kama fomu imeachwa na nafasi tupu, piga mstari ndani ya nafasi hizo kabla ya sahihi. Usitie sahihi kwenye chupa ambayo lakiri yake hukuiona ikibandikwa.

Vikopo vingi vinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Mwezi wa 10 Lubumbashi, katoni iliyosahauliwa ndani ya gari juani inapita hapo kwa urahisi. Si kosa kuuliza vilikuwa wapi.

Mkojo ukikataa kutoka, sema. Kanuni za uchukuzi za Marekani, ambazo kampuni nyingine huziiga, zinampa mtu saa 3 na maji yasiyozidi kama lita 1.2. Omba muda kama huo.

Jibu likitoka pozitifu

Usiondoke na jibu la mdomo. Piga picha ya kikopo kikiwa na namba yako, kama unaruhusiwa. Kama huruhusiwi, andika kwenye karatasi kijistripu kipi, saa ngapi kilisomwa, na nani alisoma. Kisha, siku hiyohiyo au kesho yake, peleka barua. Kesho kutwa nafasi inaweza kuwa imeshapewa mtu mwingine, na sampuli imeshamwagwa. Katika mfumo wa uchukuzi wa Marekani mtu ana saa 72 za kuomba chupa ya pili ipimwe. Kwetu, fanya kana kwamba una saa 24.

Barua iwe fupi. Biro nyingi zinasoma Kifaransa, kwa hiyo mtafute anayekiandika vizuri, lakini maudhui yawe haya:

«Mimi, (jina kamili), niliyefanya vizite medikali tarehe (…), sampuli namba (…), ninaomba: nielezwe kwa maandishi ni kundi gani lililotoka pozitifu na kiwango cha kukatia kilichotumika, sampuli ileile ipimwe kwa kromatografia na spektrometria ya masi, daktari apitie karatasi zangu za dawa zilizo katika bahasha iliyofungwa kwa ajili yake, na nafasi isitolewe mpaka jibu la uhakiki litoke. Sikubali jibu la kikopo kuwa jibu la mwisho.»

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine ipigwe kashe na tarehe ya kupokelewa, ile tunayoita akize. Geti likikataa kupokea, itume kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu uliopigwa picha ya skrini. Uliza pia uhakiki utafanyika maabara gani, na nani analipa. Kama shida ni pesa, andika kwamba uko tayari kulipa na urudishiwe jibu likikusafisha. Pendekezo hilo linaondoa kisingizio.

Kosa moja linarudi sana: mtu anatoka pozitifu, anakwenda kliniki nyingine siku tatu baadaye, anapata negatifu, analeta karatasi hiyo kama ushahidi. Haina nguvu. Kodeini imeshaondoka kwa siku hizo. Kinachohitajika ni sampuli ileile ya siku ileile, si mkojo mpya.

Sheria inasimama wapi

Kanuni ya Kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, ndiyo msingi wa mahusiano ya kazi. Masharti ya kikopo chenyewe utayakuta kwenye reglema ya kampuni na sera yake ya pombe na dawa. Iombe kwa maandishi kabla ya vizite. Tafuta ndani yake maneno matatu: uhakiki, daktari wa kupitia majibu, na rufaa. Sera nyingi za kampuni kubwa zinayo. Sutretani mara nyingi hufupisha njia. Kama unapelekwa na sutretani kwenye eneo la kampuni kubwa, omba sera ya kampuni kubwa pia, kwa sababu geti ni lake.

Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha binafsi. Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda taarifa binafsi, na taarifa za afya zimo. Orodha ya majibu ya mkojo iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la rikruta ni kosa, si uzembe mdogo. Hifadhi picha ya skrini.

Tuseme ukweli: aliyekwisha kutia sahihi mkataba, hata kama yuko kwenye kipindi cha majaribio, ana nguvu zaidi ya aliyebaki mgombea. Majaribio hayazidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na utaalamu, na miezi 6 kwa wengine. Mwenye mkataba anakwenda kwa mkaguzi wa kazi, yaani Inspeksioni ya Kazi, kwa sababu mgogoro wa mtu mmoja lazima upitie usuluhishi wa mkaguzi kabla ya kufika mahakamani. Apeleke akize, fomu ya kipimo, ordonansi na mkataba, vyote kwa nakala. Delege wa sendika amsindikize kama yupo. Mgombea asiye na mkataba njia yake ni nyembamba: barua kwa daktari, kwa kampuni kubwa, na malalamiko kwa Ordre des médecins kama siri imevunjwa. Ndiyo sababu kazi kubwa ni ile ya kabla ya kipimo.

Na usibebe mezani sheria uliyoisoma kwenye simu. Ile sheria ya Marekani ya 1990 ya kulinda watu wenye ulemavu, inayomkataza mwajiri kuuliza maswali ya kiafya kabla ya kutoa ahadi ya kazi, ni nzuri, ila haimfungi mwajiri wa Haut-Katanga. Ukiitaja utaonekana hujui ulipo. Taja sheria za hapa.

Dawa halali bado inaweza kukunyima mashine

Ordonansi inakusafisha jina, haiondoi usingizi. Tramadoli, diazepamu, fenobabitali, prometazini na klofeniramini zinaweza kumlaza mtu kwenye usukani, na daktari wa kampuni ana haki ya kujali hilo. Kwenye maboksi yanayotoka Ufaransa kuna pembetatu yenye gari: njano ni ngazi ya 1, uwe makini, chungwa ni ngazi ya 2, uliza daktari, nyekundu ni ngazi ya 3, usiendeshe. Iangalie kabla hawajakuonyesha wao.

Badala ya kubishana «naweza» na «huwezi», omba masharti. Kazi ya ghala badala ya bene, zamu ya mchana kwa wiki sita, au kuanza kazi siku 10 baada ya dozi kuisha. Daktari wako aandike masharti hayo kwenye atestasioni. Daktari wa kampuni hukubali kwa urahisi sharti lililoandikwa na mwenzake kuliko ombi la mgombea. Na kama dozi ni fupi, kwa mfano kodeini ya siku tano, kusogeza tarehe ya vizite kwa wiki moja ni bora kuliko vita vyote hivi. Omba kusogezwa mapema, kwa sababu ya matibabu, bila kutaja dawa.

Ukishaingia kazini, bahasha haijaisha kazi. Kampuni nyingi hupima watu bila taarifa wakiwa getini. Jino liking'olewa Jumamosi ukapewa kodeini, nakala ya ordonansi iwe mikononi mwa mwuguzi wa infirmeri Jumatatu, kabla hujagusa mashine.